Fimbo ya Pili

Siku ile shambani kwa Mlinzi tulikuwepo mimi, wadogo zangu Shamte, Tatu na Somoe, baba mdogo Mkumba, aliyekuja kutoka Mbagala, bibi shamba wa kata pamoja na wakubwa wake wawili wa wilayani, imamu wetu, wakulima wa Salale na watoto wao, waliojaa boti mbili, mwenyewe Mlinzi, na mbwa wake watatu, Semeni, Mtachoka na Hayawahusu. Mbwa nawataja kwa sababu mmoja hakurudi nyumbani, na kwa ajili ya huyo mmoja Mlinzi alimpiga Shamte. Alimpiga fimbo mbili. Ya kwanza hatumdai. Ya pili anadaiwa mpaka leo, na tangu augue anataka kuilipa kabla hajafa.

Tulimwita Mlinzi. Wageni walimwita mwindaji, naye neno hilo lilimuudhi.

"Mwindaji anakula anachokiua," alikuwa akisema. "Mimi naua ili nyinyi mle wali."

Kazi yake ilikuwa nguruwe pori. Majaruba yetu ya mpunga yako nyuma ya mikoko, na nguruwe wakiingia mpunga umeshachanua, asubuhi unakuta pamelala chini kama pamepitiwa na tingatinga. Wanachokula ni kidogo. Kingi wanakiharibu kwa kugaagaa. Sisi wengine tulikesha kwenye madungu, vile vibanda vilivyojengwa juu ya miti mirefu, tukipiga madebe na kupayuka mpaka sauti zikauke. Mlinzi hakupiga debe. Yeye alishuka chini na mkuki.

Nimemwona akiua mara nyingi kuliko nilivyotaka. Mbwa humkamata mnyama masikio na nyuma ya miguu, wanamshikilia, na kelele anazopiga nguruwe ni za mtu kabisa, ni za mtu anayeita mama yake. Mlinzi alikuja ubavuni, akaweka goti shingoni, akautia mkuki nyuma ya mguu wa mbele na kuuegemea kwa uzito wake wote. Hakuwa na haraka. Damu ilimpanda mpaka viwikoni. Na wakati wote ule alikuwa akimsemesha yule mnyama kwa sauti ya chini, "Tulia, tulia baba, yamekwisha," kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa. Akimaliza alisimama, akatema mate, na ule upole ukaisha hapo hapo. Ukimwuliza jambo dakika ile unatukanwa.

Kisha alioga. Hapa ndipo watu walipomshangaa. Alijiosha mtoni kama dini inavyotaka kwa aliyeguswa na nguruwe au mate ya mbwa, maji mara saba na udongo ndani yake, akijisugua mpaka ngozi ikapauka, halafu akavaa kanzu safi na kwenda msikitini. Hakukosa sala. Lakini hakuna aliyetaka kusimama naye bega kwa bega. Imamu alishasema mara nyingi kwamba aliyejitwaharisha ni safi, na watu waliitikia, kisha safu ikajisogeza kidogo. Mwishowe Mlinzi akawa anatandika mkeka wake barazani. Alikuwa na kata yake ya kunywea maji, aliitundika kwenye msumari wake, na hakuna mtoto aliyethubutu kuigusa.

Wanawake wale wale ambao nguruwe wakiingia walituma watoto mbio wamwite, ndio waliovuta nguo zao kwenye kamba alipopita na mbwa. Yeye naye alijibu kwa majina ya mbwa. Akipita kisimani, wanawake wakinyamaza ghafla, alipaza sauti, "Semeni! We Semeni!"

"Unatuita sisi, babu?"

"Namwita mbwa wangu. Kwani nyinyi mna la kusema?"

Na akishafika mbali kidogo utamsikia, "Hayawahusu! Njoo hapa, Hayawahusu!" Wanawake wakacheka mpaka ndoo zikamwagika, kwa kuwa hata kumchukia mtu yule kulikuwa kunachosha.

Mbwa hakuwapiga. Sijawahi kumwona hata akimrushia mmoja jiwe. Watu ndio aliowapiga. Mkono wake ulikuwa mwepesi mno, na wa kulia ulikuwa na kovu pana katikati ya kiganja ambalo kila aliyeuliza aliambiwa hadithi tofauti. Alimpiga jirani mmoja kwa sababu ya mfereji wa maji, mpaka wote wawili wakaanguka kwenye tope wakiumana kama fisi. Wiki iliyofuata, baada ya sala ya Ijumaa, nilimkuta Mlinzi amesimama mbele ya nyumba ya yule jirani, kofia mkononi.

"Nilikupiga ngumi tatu, wewe umenipiga mbili," alimwambia. "Toka nje uchukue yako."

Jirani alicheka kwanza. Alipoona mwenzake hacheki, alitoka akamkung'uta moja ya taya iliyomtoa damu ya mdomo. Kisha mke wa jirani akaleta kahawa, wakanywa.

Hivyo ndivyo alivyoishi. Aliamini kwamba kipigo ni haki ya mtu, na kwamba ukifa hujalipa, aliyepigwa atakudai mbele ya Mungu, huku mikono yako haina tena nguvu ya kukataa. Siku moja ng'ombe wa mfugaji waliingia kwenye jaruba lake, akamchoma fahali mkuki wa paja. Wengine wote walikimbia wakijua wenye ng'ombe watakuja na virungu. Mlinzi aliketi kando ya fahali anayekoroma, akaweka mkuki mbali, akasubiri. Walimpiga mpaka akazimia. Alipoamka aliuliza fahali anaendeleaje, akaambiwa atapona, akasema, "Basi wamenizidishia. Nawadai." Wiki ile ile alikwenda kambini kwao kudai. Sijui kilichotokea huko. Alirudi na jicho limevimba na kibuyu cha maziwa mgando.

Kwetu alikuwa jirani wa tuta moja. Baba na mama yetu walikufa siku moja, kiboko alipoupindua mtumbwi wao wakivuka na mbegu. Aliyeingia majini kuwatafuta, huku kiboko yumo, ni Mlinzi. Alimleta mama kwanza, kisha akamrudia baba. Sitaandika walivyokuwa. Mimi nilikuwa darasa la sita na sikurudi tena shule. Nilichukua jembe, na Mlinzi akachukulia kuwa jaruba letu na lake ni moja, bila kuniuliza wala kuniambia. Neno la pole halikumtoka. Aliniita "mke wangu," utani wa babu na mjukuu, na karibu kila siku alinikaripia.

"Mke wangu, hili ni tuta au kaburi la kuku?"

"Ni tuta, babu."

"Maji yakilicheka, usilie."

Baba mdogo Mkumba hakuwa mtu mbaya. Aliona watoto wanne wanaishi juu ya miti wakifukuza ndege na nguruwe, akaona tugawanywe. Tatu aende kwake Mbagala, amsaidie mkewe. Somoe aende kwa shangazi. Shamte apelekwe chuoni, kwa kuwa alikuwa na sauti nzuri ya kusoma Kurani. Mimi nilimwomba msimu mmoja. Akasema sawa, mavuno yakipatikana mtakaa pamoja, yakikosa nawachukua. Kwa hiyo mwaka ule mpunga haukuwa mpunga tu. Kila suke lililosimama lilikuwa limemshikilia mmoja wa wadogo zangu.

Bibi shamba ndiye aliyeleta habari ya siku ya shamba wazi. Shamba la Mlinzi halikuwa limeguswa na nguruwe kwa misimu kadhaa, na wilaya ilitaka wakulima waje na familia zao waone anafanyaje. Yule mama ni Mngoni wa Songea, Mkristo, mcheshi, na Mlinzi alimfanya mtani wake tangu siku ya kwanza.

"Wewe Mngoni, umekuja kwa ajili ya kilimo au kitoweo?"

"Vyote viwili, babu. Wewe ua, nitajua la kufanya."

"Mtu mzima anakula kitu kinachogaagaa kwenye tope!"

"Na kambamiti wako wanaishi wapi, kitandani?"

Asubuhi ile kulikuwa na hali ya sherehe. Akina mama walipika pilau kwenye masufuria makubwa, watoto wakaonyeshwa kombeo za kuamia ndege, baba mdogo alipanda dungu letu akashuka anatikisa kichwa. Shamte ndiye aliyepangwa kufungua kwa Kurani. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilimfulia kanzu ya baba na kuikata pindo, naye alishatia udhu, akasimama juu ya tuta mikono ameiweka mbali na mwili kama ndege anayejikausha, asiguswe na mtu.

Tatizo lilikuwa wavuni. Alfajiri dume kubwa la nguruwe lilikuwa limenasa kwenye wavu wa kamba ambao Mlinzi huutega upande wa mikoko. Alitaka kulimaliza kabla wageni hawajafika. Mkubwa mmoja wa wilaya aliwahi.

"Mzee, mwache kwanza hai. Watu wamuone, tupige picha."

"Huyu si wa picha."

"Dakika chache tu, mzee wangu."

"Kamba imelowa. Dakika chache ni zake, si zako."

Wakabishana. Mlinzi alishika mkuki kulia na fimbo yake ya mkoko kushoto, na mbele ya wakubwa, kwa mara ya pekee niliyowahi kuona, alikubali kushindwa. Aliwaamuru tu watu wakae nyuma ya tuta, akamtuma Hayawahusu, mbwa wake mkubwa, azunguke kwenye mfereji ili akae kati ya watu na wavu.

Wavu ulikatika wakati imamu anamwita Shamte mbele.

Nimeyapanga haya kichwani mara nyingi, na yamekwenda hivi. Dume lilitoka. Hayawahusu alichupa kutoka mfereji, maji yakimtiririka, akaja moja kwa moja juu ya tuta kuwasukuma watu nyuma kama alivyofundishwa. Shamte hakumwona nguruwe. Alimwona mbwa aliyelowa anamjia, na yeye ana udhu, ana kanzu, anaitwa kusoma. Akafanya ambalo mtoto yeyote wa madrasa angefanya: akaruka pembeni asinajisike. Akarukia jarubani, mbele kabisa ya dume.

Mlinzi alimfikia kwanza. Hakukuwa na nafasi ya kumshika, alimtandika fimbo ya mbavu kwa nguvu zake zote, Shamte akaruka kama mzigo na kuangukia upande wa pili. Hiyo ndiyo fimbo ya kwanza. Lile dume lilipita mahali alipokuwa amesimama. Hayawahusu akalirukia uso. Lilimpasua kwa jino tangu kifua mpaka tumboni kwa mtikiso mmoja wa kichwa, na bado mbwa hakuachia sikio, alikokotwa akiwa ananing'inia, matumbo yakiburuzika kwenye mpunga. Kwa sababu ya uzito wake dume likapinda shingo. Mlinzi akaingiza mkuki. Safari hii hakusema tulia. Alichoma, akachomoa, akachoma tena, hata lilipokuwa limeshakufa aliendelea kuchoma, na wanawake wakawaziba watoto macho.

Kisha akageuka. Shamte alikuwa amejiinua, anaipangusa kanzu. Nadhani hakuwa na akili yake wakati ule. Lakini ndivyo alivyokuwa anafanya, anapangusa tope kwenye kanzu.

"Mbwa wangu amekufa kwa ajili ya nguo!" Mlinzi alipiga kelele, na akampiga fimbo ya pili, ya sikio la kushoto.

Damu ilitoka sikioni. Sikio lile halikusikia tena.

Nilimrukia. Sikumbuki nimefikaje, ila nilijikuta nimeng'ang'ania mkono wake wa fimbo kwa meno, na ladha ya damu ile, yake au ya nguruwe, ilikaa kinywani mwangu muda mrefu. Hakunisukuma. Alisimama tu mpaka nilipoachia. Baba mdogo alikuwa amemkamata Somoe mkono.

"Wote botini! Leo leo! Huyu mzee atalala polisi, na nyinyi hamkai hapa tena!"

Kama kuna siku nilikuwa na akili ya mtu mzima ni siku ile. Nilijua mpunga wetu umebakiza wiki chache. Nilijua Mlinzi akilala polisi nguruwe watalala jarubani, na mavuno yakikosa ahadi imekwisha.

"Shamte anakwenda hospitali nawe, baba mdogo," nilisema. "Tatu na Somoe hawaendi. Na polisi haendi mtu. Ulinipa msimu mmoja, msimu haujaisha."

"Umeona alichomfanya mdogo wako?"

"Nimeona zote mbili."

Baba mdogo alinitazama, akamtazama Mlinzi ambaye alikuwa amepiga magoti anamkunja mbwa wake ndani ya shuka lake mwenyewe. Akamwachia Somoe. Ningeambiwa nichague tena leo, ningechagua vile vile.

Mlinzi alilinda mashamba yote mawili mpaka mavuno, kwa mbwa wawili waliobaki. Tulivuna. Baba mdogo alikuja, akatazama magunia, akala wali, akaondoka peke yake. Mimi na wadogo zangu, wote wanne, tulikulia chini ya paa moja.

Kuhusu lile sikio, Mlinzi alisema nami mara moja tu, Shamte aliporudi na bandeji.

"Ya kwanza nilimpiga ili nguruwe asimpate. Ya pili nilimpiga kwa hasira. Nadaiwa. Lakini mtoto hajui kudai, akipiga atapiga kwa kuogopa. Nitamngoja akue."

Akangoja. Shamte alikua, akaenda Mbagala kwa hiari yake, sasa anatengeneza pikipiki. Kila alipokuja nyumbani, Mlinzi alijisogeza karibu, akakaa akingoja adaiwe, na Shamte akamwamkia kwa heshima na kupita.

Mwaka huu nilisikia kwamba Mlinzi amechukuliwa na binti yake, yuko kwake Dimani, miguu imevimba na chakula hakishuki. Nilimpelekea mchele mpya. Nilimkuta kwenye kitanda cha kamba uani, mwili umemwisha, mabega yametokeza kama henga ya nguo. Hakuna mbwa. Mkwewe hataki.

"Mke wangu," alisema. "Umezeeka."

"Na wewe umekuwa kijana, babu."

Alitaka kucheka, akakohoa. Binti yake alinong'ona kwamba ni siku nyingi hajala zaidi ya vijiko vya uji. Mzee akamwambia atoke. Halafu, polepole, akaanza kuvua shati.

"Wale wengine wote nimemalizana nao. Wengine wamepiga, wengine wamesamehe. Amebaki mmoja. Wewe ndiye uliyemlea. Piga wewe, uninusuru."

"Babu, vaa shati."

"Kuna kuni pale ukutani. Chagua nene."

"Sikio si langu."

"Uling'ang'ania mkono wangu kwa meno siku ile kwa sikio la nani?"

"Lile lilikuwa deni langu, na nilishalichukua. Hili ni la Shamte."

Alikaa kifua wazi, mbavu zinahesabika, na kwa mara ya kwanza nilimwona ana hofu. Mtu aliyeingia majini na kiboko yumo. Basi nikampigia simu Shamte, nikaweka sauti kubwa. Nilisikia pikipiki ikizimwa.

"Dada, zungumza kwa nguvu, niko upande mbaya. Enhe, sasa nimehamisha."

Nilimweleza. Akaomba nimsogezee mzee simu.

"Babu, shikamoo."

"Marahaba. Unanisikia?"

"Nakusikia kwa moja."

"Nisamehe, au njoo unipige. Moja kati ya mawili. Nakwenda, mimi."

"Wewe uliniokoa, babu. Ningekuwa mfu."

"Hiyo ni ya kwanza!" Mzee alipiga kelele mpaka binti yake akachungulia. "Ya kwanza sikuulizi! Nauliza ya pili!"

Nilisikia spana ikiwekwa chini.

"Ya pili siisamehi," Shamte alisema. "Nitakuja kuichukua."

Binti yake alishika mdomo. Mimi nilitaka kukata simu. Lakini mzee alikuwa amejiweka sawa kitandani, amekaa wima.

"Lini?"

"Nikipata nafasi kazini."

"Sawa. Sawa kabisa. Ila usije kunipiga nikiwa hivi, ukanipiga kama unamfukuza kuku. Piga fimbo ya mwanaume."

"Basi kula, babu. Sipigi mgonjwa."

Simu ilipokatika alivaa shati mwenyewe, akafunga vifungo vyote. Akamwita binti yake, akauliza kama ule mchele mpya umeshapikwa. Akala sahani nzima na mchuzi wa samaki chuchunge, huku binti akilia na kumwongezea.

Hiyo ilikuwa kabla ya Ramadhani. Tumeshapita Idi na sasa tunapalilia. Mzee ananipigia simu kila Ijumaa, hasalimii, anauliza tu, "Anakuja?" Namwambia anakuja. Nikikata nampigia Shamte, naye swali lake ni moja.

"Anakula?"

"Anakula. Juzi kaenda msikitini kwa miguu yake."

"Mwambie nakuja," anasema Shamte, na namsikia anawasha pikipiki ya mteja.